Uchambuzi wa kisa: Wavulana wa fegi, vikao vya Jumatano na msimu wa korosho

Kabla hatujaanza

Hiki ni kisa cha sekondari moja ya kata huku Mtwara, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako kulikuwa na kundi la wavulana wanaovuta sigara na shule ikaamua iwasaidie kuacha badala ya kuwachapa tu. Jina la shule, kijiji, mwaka na majina ya watu nimeyatoa, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili hata wa jirani asijue nani ni nani. Mimi ni mhudumu wa zahanati, niliitwa kusaidia upande wa afya (wanafunzi wakawa wananiita dokta, nimewakatalia wee nimechoka). Vikao vyenyewe viliongozwa na mwalimu wa malezi, wanafunzi wanamwita madam na hapa nitamwita hivohivo.

Nawaandikia walimu na wahudumu wenzangu maana kila tukikaa swali ni lilelile, hizi programu za shuleni zinasaidia kweli au tunajifurahisha? Zinasaidia, ila kidogo kuliko unavyotaka, na jibu linategemea sana umewahesabu lini.

Mazingira

Shule ni ya kutwa. Wanaotoka vijiji vya mbali wamepanga mageto, vyumba vya udongo jirani na shule, wawili watatu chumba kimoja, wanapika wenyewe, mkubwa hayupo. Nyuma ya vyoo kuna shamba la mikorosho ya zamani, ile ambayo matawi yamelala mpaka chini, mtu akishaingia humo humuoni tena. Hapo ndo palikuwa kijiwe chao cha mapumziko ya saa nne.

Hatua chache kutoka getini kuna duka. Sigara zinauzwa moja moja, na kwenye nondo ya dirisha la duka kuna kiberiti cha gesi kimefungwa kamba ya kiatu, mteja anavuta kamba anawasha anaachia, kiberiti kinabaki kinabembea. Dogo hahitaji hela ya pakiti wala kiberiti chake mwenyewe, akiwa na hela ya maandazi mawili amemaliza.

Sheria ipo, ya mwaka 2003, inakataza kabisa kumuuzia tumbaku mtu wa chini ya miaka 18. Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kudhibiti tumbaku 2007, na tangu 2021 TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ndo waliopewa jukumu la kusimamia bidhaa za tumbaku. Ila dirishani mtoto anasema "nimetumwa na babu", na mara nyingine ni kweli katumwa na babu, sasa muuzaji atajuaje na yeye hela anaitaka.

Kingine cha kujua kwa asiye wa huku: wengi wa hawa vijana wameshapita jando. Nyumbani wanahesabika wakubwa. Ukija na sauti ya kumkemea kama mtoto wa darasa la pili anakuangalia tu, anaitikia "ndiyo mwalimu", anatoka anaenda kuvuta.

Kilichotokea mwanzo

Kijana nitakayemwita K alikuwa kidato cha tatu, miaka 17, beki wa timu ya shule. Alijifunzia kuvuta nyumbani na hakufundishwa na mtu. Babu yake akiwa barazani anasema "niwashie", mtoto anaichukua sigara anaenda nayo jikoni kwenye kaa la moto, na sigara haishiki moto mpaka mtu aivute kidogo. Basi akawa anaivuta kidogo. Baadaye anaivuta kidogo zaidi, inafika kwa babu imepungua.

Mara ya kwanza alipokamatwa mikoroshoni alikula viboko. Mara ya pili viboko na kufyeka uwanja. Ya tatu akapewa barua, asimamishwe wiki mbili na arudi na mzazi. Mzazi aliyekuja ni huyohuyo babu, akakaa ofisini kwa adabu zake zote, akaomba radhi kwa mkuu wa shule, akaahidi kumkanya mjukuu, alivyotoka akapitia dukani akanunua yake moja akawasha kwa kiberiti cha kamba huku wanafunzi wanamuona madirishani.

Zile wiki mbili K hakuzitumia kujutia chochote. Alishinda kijiwe cha bodaboda, anaosha pikipiki, anapewa buku au mia tano, anakula chapati, anavuta na wakubwa. Karudi shule anavuta nyingi kuliko alivyoondoka.

Madam akafanya kitu kidogo ambacho mi naona ndo kilifungua mlango. Alichukua kitabu cha adhabu. Kanuni zinataka viboko visizidi vinne, apige mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni, na hii shule kwa kweli ilikuwa inaandika. Kwenye kikao cha walimu akawasomea safu ya "sababu": sigara, sigara, kuchelewa, sigara, na majina ni yaleyale, yanarudi kila baada ya muda mfupi zaidi. Hakuhubiri. Alisema tu, "Dawa hii tumeitumia mwaka mzima na mgonjwa anazidi."

Kikao kiligawanyika. Mwalimu wa nidhamu alisema tunataka kuwabembeleza wahuni na kesho wengine watajifanya wavutaji ili nao wabembelezwe. Mwingine akasema hela ya soda za vikao itatoka wapi (soda hazikuwepo kwenye mpango, sijui alizitoa wapi). Mkuu wa shule akakubali kwa muhula mmoja, kwa sharti: anayekamatwa anavuta ndani ya eneo la shule adhabu iko palepale.

Tulichoamua, na kwanini

Suala lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni siri. Mwanafunzi akisema kikaoni "jana nimevuta tatu", hiyo taarifa inaenda wapi? Ikienda kwa mwalimu wa nidhamu programu imekufa siku hiyohiyo. Tukakubaliana kinachosemwa kikaoni kinabaki kikaoni, isipokuwa kama kuna mtu anaumizwa au yuko hatarini, na hilo waliambiwa wazi siku ya kwanza. Hakukuwa na orodha ya majina, madam alikuwa na daftari lenye namba tu.

Wazazi je? Hapa tulibishana kweli. Ukimwambia mzazi kwamba mwanao yuko kwenye kikundi cha wavutaji, mtoto ataenda kupigwa nyumbani na hatarudi kikaoni. Usipomwambia, kesho anakuja shuleni kuuliza mbona mnamficha mtoto wangu. Njia iliyopatikana ni ya katikati: kwenye kikao cha wazazi mkuu alitangaza kwamba kutakuwa na kikundi cha malezi na afya kinachozungumzia pia sigara na pombe, mzazi asiyetaka wake ashiriki aseme, na hakutaja jina la mtu. Hakuna aliyekataa. Mzee mmoja aliuliza kama na wazazi wanaruhusiwa, watu wakacheka, mi sikucheka sana.

Kuwapata wenyewe ndo kulitaka akili. Tangazo la kwanza lilitolewa paredini, "wanaovuta sigara na wanataka kuacha wakutane na madam", na bila shaka unajua wangapi walijitokeza mbele ya shule nzima. Baada ya hapo madam alimuita K peke yake, akamwambia sitaki uache leo, nataka uje ukae na sisi uniambie kwanini ni ngumu, na uje na wenzako unaowaamini. Akaja na watano, wale watano wakaleta wengine, tukaanza na 14. Siku ikachaguliwa Jumatano baada ya vipindi kwa sababu ni siku ya michezo, kila mtu yuko uwanjani au anazurura, ukiingia stoo ya vifaa vya michezo hakuna anayejiuliza umefuata nini.

Vikao vikapangwa 8. Hiyo namba haikuokotwa. Kuna programu ya Marekani inaitwa Project EX, ya vikao 8, na nyingine ya American Lung Association inaitwa Not On Tobacco ina vikao 10, zote za vijana wa sekondari, na uchambuzi wa tafiti 48 uliotoka 2006 ulionyesha programu zenye vikao vitano na kuendelea ndo zinafanya vizuri zaidi. Sasa ukitazama tunavyofanya sisi mara nyingi ni semina moja, mgeni anakuja na picha za mapafu meusi, watoto wanapiga kelele "aaah", mgeni anaondoka.

Dawa na zile bazoka za nikotini hatukuzigusa. Kwa watu wazima zinasaidia, kwa vijana ushahidi bado haujakaa sawa, na huku hata ukizitaka utazipata wapi.

Vikao vyenyewe

Kikao cha kwanza hakikuwa na mapafu. Nilikuja na maswali kumi ya kupima kama sigara imeshaanza kukutawala, mambo kama je umewahi kujaribu kuacha ukashindwa, je ukikaa bila kuvuta unakuwa na hasira, je unashindwa kujizuia sehemu usipotakiwa kuvuta. Kipimo hiki kimetokana na kazi ya watafiti wa Massachusetts waliofuatilia watoto wa miaka 12 na 13 wakaona dalili za uteja zinajitokeza kwa baadhi yao ndani ya wiki chache tangu waanze kuonja, hata hawajafika kuvuta kila siku. Ndiyo moja tu kati ya kumi ina maana uhuru umeanza kupungua.

Dogo mmoja mcheshi akasema mi dokta naacha muda wowote, navuta kwa starehe. Madam akamjibu sawa baba, tuonane Jumatano ijayo bila kuvuta hata pafu moja. Jumatano iliyofuata kaja kakaa kona, alipoulizwa akasema, "Madam, Alhamisi yenyewe sijaimaliza." Stoo nzima ikacheka na yeye akacheka, na kuanzia hapo watu wakaanza kusema ukweli.

Kazi ya wiki ya pili ilikuwa kuandika: kila sigara, saa ngapi, uko wapi, uko na nani, ulikuwa unajisikiaje. Wengine waliandika kwenye kipande cha boksi la sabuni. Tulivyokusanya tukaona vitu vitatu vinajirudia. Geto usiku baada ya kula. Kijiwe cha bodaboda jioni. Na cha tatu hatukukitarajia, saa sita saa saba mchana, na kwenye "ulikuwa unajisikiaje" imeandikwa: njaa.

Hebu tukae hapa kidogo. Shule ina chakula cha mchana kwa mchango wa wazazi, mahindi, maharage na hela ya mpishi. Ambaye kwao hawajachanga hali. Anakaa chini ya mti anaangalia wenzake na sahani, halafu anajua kwamba sigara moja inaua njaa mpaka atoke shule. Na ni kweli inaiua, nikotini inapunguza hamu ya kula, kijana amegundua mwenyewe bila kusoma popote. Huyo ukimwambia sigara ina kemikali elfu kadhaa unamwambia nini? Madam alienda kwa mkuu, mkuu akaongea na bodi, wanne wakaruhusiwa kula na wazazi wao watalipa msimu, yaani korosho zikiuzwa. Huku kulipa msimu ni kitu cha kawaida, hata dukani watu wanakopa hivo, kwa hiyo hakuna aliyeona aibu.

Kikao cha tatu likaibuka suala la mwalimu. "Mbona ticha fulani anavuta nyuma ya ofisi?" Hatukumtetea na hatukumsema. Mkuu aliongea naye faragha, akaacha kuvutia eneo la shule, ila hakuacha sigara na hakutaka kuja kikaoni. Wanafunzi waliliona hilo na kwa mtazamo wangu liliwatosha.

Vikao vya katikati vilikuwa vya mazoezi zaidi. Waliigiza kukataa, mmoja anatoa fegi, "piga pafu moja tu mwanangu, acha ushamba", mwingine ajibu. Majibu tuliyowaandalia sisi watu wazima yalikuwa mabovu, hakuna kijana duniani atakayemwambia mwenzake "hapana asante, najali afya yangu". Ya kwao yalikuwa: kocha kanikataza, nina kifua, hiyo nimekuachia wewe. La kocha lilishinda, maana kijiwe kizima kinaheshimu mpira, na mtu akisema anataka kupumua vizuri dakika tisini ili siku moja acheze Namungo hakuna atakayemcheka.

Siku ya kuacha walichagua wenyewe, Jumatatu baada ya mapumziko ya katikati ya muhula, wote kwa pamoja. Niliwaambia bila kuficha: siku mbili tatu za mwanzo ndo mbaya kuliko zote, utakuwa na hasira, usingizi utakusumbua, utasikia njaa ya ajabu, baada ya hapo inashuka polepole kwa wiki kadhaa. Hamu ikija inakaa dakika chache inapita, kwa hiyo shughulisha mdomo na mikono. Wakawa wanatembea na mihogo mibichi na ming'oko (viazi vya porini) mifukoni, mwalimu wa zamu akalalamika stoo imejaa maganda.

Duka

Tulijaribu na upande wa muuzaji. Mtendaji wa kijiji aliwaita wenye maduka akawasomea sheria, na kweli kwa wiki kadhaa kile kiberiti kilitolewa dirishani na mwanafunzi mwenye sare alikuwa anarudishwa. Baadaye sigara zikahamia chini ya kaunta. Baadaye zikarudi juu. Mama mwenye duka nilimsikiliza, alisema nisipowauzia mimi watavuka barabara watanunua kwa mwenzangu, na hapo alikuwa na hoja kwa sababu mwenzake alikuwa haguswi na mtu. Kudhibiti duka moja ni kumhamisha mteja tu.

Matokeo ya mwisho wa vikao

Kati ya 14 watatu walikatika njiani, mmoja alihama, wawili walichoka. Waliofika kikao cha mwisho ni 11, na sita kati yao walisema hawajavuta kwa wiki nzima iliyopita. Hatuna kifaa cha kupima pumzi, kile kinachosoma hewa ya kaboni monoksaidi, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na rafiki wa kumshuhudia. Ushahidi wa rafiki una udhaifu wake, najua, ila ndo uliokuwepo.

Sita kati ya 14 kwenye ripoti inaonekana vizuri sana. Mkuu alifurahi, akaandika taarifa wilayani, na mwalimu wa nidhamu akaja mwenyewe kumpongeza madam. K alikuwa mmoja wa wale sita.

Halafu ukaja msimu

Juni likizo, wakarudi Julai, wengi bado wamesimama. Agosti na Septemba tulikuwa tunawaona mmoja mmoja bila utaratibu wowote kwa sababu vikao vilishaisha.

Oktoba minada ya korosho ikafunguliwa. Asiyeishi huku hawezi kuelewa pesa inavyobadilisha hewa ya kijiji wiki hizo. Vijana wanaokota korosho kwa malipo, wanabeba magunia ghalani, mwingine anaokota kilo mbili tatu chini ya mkorosho wa kwao anazipeleka kwa mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa mtaani nje ya mnada, hela mkononi hapohapo. Dogo ambaye Mei alikuwa hana hela ya maandazi, sasa ana elfu kumi mfukoni na amezungukwa na wakubwa wanaovuta, wanaokunywa uraka (pombe ya mabibo), na kila mmoja anampa ofa kwa sababu leo kila mmoja anazo. Mahudhurio shuleni yanashuka, ukiuliza unaambiwa yuko shamba.

K alirudi kuvuta ghalani, siku ya kwanza ya kubeba magunia. Alitueleza mwenyewe: wakati wa kupumzika watu wote waliinuka kwenda kuvuta, yeye akabaki amekaa peke yake kwenye magunia kama mgonjwa, akaona aibu akaenda. Jibu la kocha analo, lakini pale ghalani kocha hawamjui.

Januari, shule zilipofunguliwa, madam alihesabu upya. Wawili hawavuti. Wanne wanasema wamepunguza, na mimi kupunguza sikuhesabu kama kuacha. Watano wamerudi palepale. Wale watatu waliokatika tumewahesabu kama wanavuta, ndo utaratibu wa kutojidanganya. Kwa hiyo ni 2 kati ya 14.

Uchambuzi

Ukisoma hiyo 2 baada ya ile 6 unaweza ukavunjika moyo, ila weka pembeni ya dunia inavyopata. Ule uchambuzi wa tafiti 48 ulikuta kwamba kati ya vijana 100 waliopitia programu, kama 9 wanaacha, na kati ya 100 wasiopitia kitu, kama 6 wanaacha wenyewe. Tofauti ni watatu. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, yaliyojumlisha tafiti 41 na vijana zaidi ya 13,000 yalikuta njia yenye dalili nzuri zaidi ni vikao vya kikundi, na hata hapo wakasema ushahidi sio imara sana. Sasa sisi na watu wetu 14, bila kundi la kulinganisha, hatuwezi kudai chochote kikubwa, ila hatuko nje ya mstari.

Na kukaa kwenye kikundi nadhani ndo kiini. Kuna utafiti mkubwa wa jimbo la Washington, wa kituo cha utafiti wa saratani cha Hutchinson, wanafunzi zaidi ya 8,000 walifuatiliwa kuanzia darasa la tatu mpaka miaka miwili baada ya kumaliza sekondari, nusu ya wilaya za shule wakapewa masomo ya kujikinga na sigara mpaka darasa la kumi, matokeo yakatoka 2000: hakuna tofauti. Ule ulikuwa wa kuzuia, sio wa kuacha, na masomo yalikuwa mazuri tu. Kwa mvutaji ninayemjua mimi, somo haliingii mpaka aseme kwanza mwenyewe anavuta saa ngapi na kwanini. Kile kipande cha boksi la sabuni kilitufundisha zaidi ya mabango yote yaliyobandikwa zahanati.

Kuondoa fimbo kwenye kikao kulifanya kazi, hilo sina shaka nalo. Pia kuacha adhabu iendelee kwa anayekamatwa eneo la shule kulisaidia kuliko nilivyodhani, kwa sababu kuliwatuliza walimu wengine na hakuna mwanafunzi aliyeweza kusema kikundi ni kichaka cha kujifichia.

Chakula. Kati ya wale wanne waliopewa kula, watatu waliiacha ile sigara ya mchana, hata mmoja ambaye jioni aliendelea kuvuta. Kama una hela ya kufanya kitu kimoja tu shuleni kwako, mi ningeanzia jikoni.

Kilichofeli zaidi ni kalenda. Programu ilianza na kuisha ndani ya muhula wa kwanza, yaani kipindi ambacho kijana hana hela, halafu ikaisha kabisa kabla ya miezi ambayo ana hela. Tulimpima akiwa mkavu tukasema ameacha. Na ushauri wote ulimuandaa kukataa kijiweni kwa marafiki, hakuna kikao hata kimoja kilichozungumzia ghala, watu wazima na ofa.

Mageto nayo hatukuyagusa. Mmoja wa wale wawili walioacha kweli alihama geto Julai akaenda kukaa kwa shangazi yake, na shangazi hataki harufu ya sigara ndani. Wa pili hakuna maelezo. Nilimuuliza akasema "nimeichoka tu dokta", na mpaka leo jibu ni hilo, wala hakuwa mchangiaji mzuri kikaoni.

K siwezi kumweka upande wa kufeli moja kwa moja. Alikaa miezi mitano bila sigara na Novemba, katikati ya msimu, alimfuata madam mwenyewe akauliza kama anaweza kuanza upya. Wavutaji wengi hawaachi kwa jaribio la kwanza, wanajaribu wanaanguka wanajaribu tena, na mwanafunzi anayejua pa kurudi akianguka yuko mbele ya yule anayejificha. Ila programu haikuwa na nafasi ya kumpokea, ilikuwa imeshafungwa. Madam alikuwa anamuona pembeni, dakika kumi, kumi na tano, kwa hiari yake.

Na wasichana tuliwasahau wote. Hakuna aliyelisema mpaka mabinti wawili wa kidato cha nne walipomuuliza madam kwanini kikundi ni cha wavulana tu. Wao wanavutia ndani ya geto, hawaendi mikoroshoni, kwa hiyo hawamo kwenye kitabu cha adhabu, na sisi tulianzia kwa K wa kitabu cha adhabu, naye akaleta rafiki zake.

Kilichobadilishwa mwaka uliofuata

Vikao vimebaki 8 lakini vimetawanywa, vitano muhula wa kwanza na vitatu kati ya Septemba na Novemba, kimojawapo kinafanyika wiki ya kufunguliwa minada na kinahusu hela tu, mtu anapanga kabla hajaishika ataifanyia nini na atakaa na nani wakati wa kupumzika. K, ambaye sasa yuko kidato cha nne, ndo anaongoza igizo la ghalani kwa sababu analijua kuliko sisi, na wiki ile ya kwanza ya maandalizi alikuwa na siku 40 hivi bila kuvuta kwa hesabu yake. Kuhesabu ni Januari, sio siku ya kikao cha mwisho, na mkuu amekubali taarifa ya wilayani isubiri mpaka hapo. Aliyeanguka anarudi Jumatano yoyote, hahojiwi.

Kuhusu mageto mwenyekiti wa kijiji ameombwa aongee na wenye nyumba, bado hajaongea nao. Kikundi cha wasichana kinasubiri mwalimu wa kike wa pili, maana madam hawezi Jumatano hiyohiyo kuwa sehemu mbili, na siku nyingine ya wiki ikionekana wasichana wanaingia stoo peke yao maneno yataanza. Akipangiwa mwalimu Februari wataanza Machi.